Hajambo na Hawezi

Mie kazi yangu, kama ni kazi, ni kukaa kwenye mabenchi ya shule za watu. Mzazi mwenye mtoto mlemavu ananisikia kwa mzazi mwenzake, ananipigia simu, tunakwenda wote kwa mwalimu mkuu kuomba mtoto apokelewe kitengo. Kitengo ndivyo tunavyoliita lile darasa la watoto wenye mahitaji maalumu ndani ya shule ya kawaida, na mara nyingi ni chumba kimoja tu pembeni, karibu na vyoo. Sijasomea mambo haya. Nilikuwa karani wa ghala, na haya mengine nimeyajua kwa kuzungushwa. Njoo kesho, mkuu hayupo, njoo na baba yake, njoo shule zikifunguliwa. Ukishazungushwa vya kutosha unajua nani ana neno la mwisho na nani anakupotezea muda.

Mwanangu mwenyewe hakupata nafasi. Ni mtu mzima sasa, ana ndevu, anashinda uani kwetu Kimara anasikiliza mpira redioni, na mdogo wangu ndiye anayemwangalia nikiwa sipo. Miaka ile nililia sana. Halafu ikafika siku nikaona silii tena, wala sicheki, na chakula nakula kwa kuwa ni saa ya kula. Wazazi ninaowasindikiza wananiambia nina moyo mkubwa. Sina. Nimekufa ganzi, basi, na mtu aliyekufa ganzi anafaa sana kwenye ofisi za watu, maana ukimwambia asubiri nje anasubiri.

Ninayetaka kumsema hapa ni mama mmoja wa Temeke. Kwao ni Kilwa, alikuja mjini kuolewa, na asubuhi anauza vitumbua kibarazani kwa jirani. Alikuwa na binti wa miaka tisa ambaye bado yuko darasa la kwanza. Kila mwaka wenzake wanapanda, yeye anabaki, anaingia kundi jipya, anakaa kulekule nyuma karibu na ukuta. Darasa lenyewe limejaa mpaka mlangoni, mwalimu akitaka kufika nyuma inabidi awaruke watu. Kwa hiyo hakuwa anafika. Kila mama alipokwenda kuulizia maendeleo, mwalimu wa darasa alimpa jibu moja: “Binti yako hasumbui.”

Na mama alirudi nyumbani amefurahi. Ndiyo, amefurahi. Kwenye nyumba ya kupanga, watu mnachangia choo na bomba, mtoto asiyesumbua ni sifa ya mama yake. Ilimchukua miaka kuelewa kwamba shuleni hiyo hiyo sifa ndiyo iliyokuwa inamzika mwanawe hai. Mtoto anayepiga wenzake na kutoroka anapelekwa kitengo mbio mbio, mwalimu mwenyewe anamshika mkono. Anayekaa kimya ukutani anaachwa hapo hapo.

Binti hakuwa anazungumza, lakini alikuwa anasema. Namaanisha hivi: ukimuuliza kitu hakuwa anajibu, ila alichokisikia alikirudia neno kwa neno, kwa sauti ileile ya aliyekisema, hata kama ni baada ya siku nyingi. Yule muuzaji wa dawa ya panya anayepita na spika begani, binti aliyajua maneno yake yote. Anakaa mkekani anapanga vizibo vyake vya soda, mara unasikia: “Dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni, wanakufa na ukoo wao.” Wapangaji wanacheka mpaka wanashika mbavu. Walimwita redio. Mama naye alicheka nao, afanyeje, lakini nilimwona anavyoangalia chini akicheka.

Kilichomfanya anitafute ni mumewe. Ni fundi ujenzi, si mtu mbaya, nimekutana naye, ananiamkia vizuri. Alisema hivi: kama shule haina la kumfanyia huyu mtoto, ikifika likizo ndefu aende Kilwa kwa bibi yake, kule kuna uwanja wa kutosha. Bibi mwenyewe haoni vizuri, anaongozwa mkono kwenda kisimani. Na kule kijijini hakuna kitengo, hakuna hata mtu aliyewahi kulisikia neno hilo.

“Akienda hatorudi, dada,” mama aliniambia siku ya kwanza, huku anageuza vitumbua. “Namjua mume wangu. Atasema subiri mwakani, na mwakani atasema amezoea kule.”

Nilimwambia sawa, tutajaribu. Ndivyo ninavyosemaga kwa wote. Nikaenda shuleni, nikakaa benchi, nikamwona mwalimu wa kitengo, binti mdogo tu aliyetoka chuo juzi, akaniambia nafasi ipo moja, mtoto mmoja amehamia mkoani na wazazi wake. Ila lazima kikao kikae: mwalimu mkuu, mwalimu wa darasa, na afisa wa elimu maalumu kutoka halmashauri, wamsikilize mzazi, ndipo waamue. Nafasi ile kulikuwa na wengine wawili wanaiomba.

Sasa ndipo ilipo shida ambayo watu wa ofisini hawaijui. Wanamwita mzazi, wanamsalimia kwa adabu, na mzazi naye anaitikia kwa adabu. Hajambo mtoto? Hajambo. Anaendeleaje? Anaendelea vizuri, tunamshukuru Mungu. Habari za nyumbani? Nzuri. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, huwezi kuulizwa hali na mkubwa ukaanza kummwagia matatizo kabla hata hujakaa. Lakini salamu ikiisha, afisa kashapata jibu lake. Mtoto hajambo, mama mwenyewe kasema. Nimeona nafasi zinapotea kwenye salamu. Ninaposema nimeona, nimeona kwa macho yangu, na mmoja wa waliopoteza hivyo ni mie.

Kwa hiyo wazazi nawafanyisha mazoezi. Nilikwenda kwa yule mama jioni, vitumbua vimeisha, tukakaa kibarazani kwake. Binti alikuwa mkekani na vizibo vyake. Nikajifanya mimi ndiye mwalimu mkuu.

“Mtoto hajambo?”

“Hajambo, mwalimu.”

“Hapana,” nikamwambia. “Anza upya.”

“Sasa dada, mtu kakuuliza kwa heshima.”

“Sema hajambo, mwalimu, ila hawezi.”

Akanishangaa. “Hawezi ana nini? Mbona hana hata mafua.”

Sikumwelewa, naye hakunielewa. Mie ni mtu wa bara, nimekuja Dar mkubwa. Kwangu mimi hawezi ni hawezi, kuna jambo limemshinda. Yeye ni wa pwani. Kwao ukisema fulani hawezi, maana yake mgonjwa, yuko kitandani. “Kwetu nikisema mwanangu hawezi,” akaniambia, “jioni hii hii utaona wanawake wanaingia na uji kuja kumtazama. Ni uchuro, dada, ni kumwitia mabaya. Nimwite mwanangu mgonjwa naye mzima anacheza pale?”

Nilimwambia kule ofisini watu wote wanaongea Kiswahili cha shule, hakuna atakayeleta uji. Nilimwambia kwa ukali kidogo, nilikuwa nimechoka na nilitaka kuwahi nyumbani. “Neno hilo ndilo litakalompa nafasi. Unataka abaki au unataka aende Kilwa?”

Akajifunga khanga upya. Nikaanza upya, mtoto hajambo, naye akasema hajambo mwalimu, ila hawezi.

“Hawezi nini?”

“Hawezi kufunga vifungo.”

“Endelea.”

“Hawezi kushika penseli. Hawezi kwenda chooni bila mtu. Hawezi kuvuka barabara.” Akashika ncha ya khanga. “Hawezi kusema akiumwa. Mwaka jana alivunjika kidole nikajua baada ya siku mbili, kwa sababu kilivimba.”

Hapo akalia. Alivuta kamasi kwa nguvu, akajifuta na ncha ya khanga. Nilimsubiri amalize. Ningependa kuandika kwamba nilimshika bega, lakini sikumshika. Nilikuwa naangalia saa ngapi giza linaingia. Alipomaliza nikamwambia, “Hapana, usilie pale, wakikuona unalia watakuonea huruma na hawatakuandika kitu. Anza upya.” Akaanza upya. Tulirudia mpaka akawa anayataja yote bila kukwama. Mkekani vizibo vilikuwa vinagongana tu, taratibu, na wala hatukumwangalia.

Siku ya kikao tulifika mapema. Ofisi ya mwalimu mkuu ilikuwa na vikombe vya michezo juu ya kabati na kalenda ya mwaka uliopita. Mkuu alikuwa mzee mpole, mkubwa kwangu, nikamwamkia. Afisa alikuwa mama wa rika langu, miwani imeshuka puani. Mwalimu wa darasa alisimama karibu na mlango kwa sababu watoto wake walikuwa wanapiga kelele huko. Yule mwalimu mdogo wa kitengo alikaa pembeni, amefumbata mikono. Binti tulikuja naye. Alikaa chini, chini ya dirisha, akatoa vizibo mfukoni akaanza kuvipanga.

“Shikamoo, mwalimu,” mama akasema, amepiga goti kidogo.

“Marahaba. Hajambo mtoto?”

“Hajambo, mwalimu.”

Nikasubiri ile ila. Haikuja.

“Anaendeleaje huko nyumbani?” Afisa ndiye aliyeuliza.

“Anaendelea vizuri.”

“Anakusumbua?”

“Hasumbui,” akasema mama, na nikaona uso wake umekunjuka kidogo, uleule uso wa sifa. Nikamgusa mguu na kiatu changu. Akanitazama kwa hofu, akainamisha kichwa. Mbele ya watu wazima wanne, wenye kalamu, hakuweza kumtangaza mwanawe mgonjwa.

“Na darasani kweli hasumbui,” mwalimu wa darasa akadakia kutoka mlangoni. “Laiti wote wangekuwa hivi.”

Nikafungua mdomo. Afisa akainua mkono, bila ubaya wowote. “Samahani dada, wewe si mzazi. Mzazi ndiye tunayemsikiliza.” Ana haki, ndio utaratibu. Nikafunga mdomo. Nilijua tayari kitakachofuata, nimekisikia mara nyingi, na sikuhisi kitu. Nilikuwa nawaza nipitie Kariakoo kununua dagaa au nirudi moja kwa moja. Afisa akamgeukia mkuu, akamwambia kwamba kwa anavyoona yeye, kuna wenye shida zaidi, huyu aendelee tu hapo alipo.

Ndipo sauti ikatoka chini ya dirisha.

“Mtoto hajambo? Hapana. Anza upya.”

Ilikuwa sauti yangu. Si ya kufanana, ni yangu, pamoja na ule uchovu na ule ukali. Watu wote wakageuka kunitazama mie, na mie mdomo wangu umefungwa.

“Hajambo, mwalimu, ila hawezi,” binti akasema, na sasa ilikuwa sauti ya mama yake. Hakuinua kichwa, alikuwa anasogeza kizibo chekundu kando ya kizibo cha kijani. “Hawezi nini? Hawezi kufunga vifungo. Endelea. Hawezi kushika penseli. Hawezi kwenda chooni bila mtu. Hawezi kuvuka barabara. Hawezi kusema akiumwa. Mwaka jana alivunjika kidole nikajua baada ya siku mbili, kwa sababu kilivimba.”

Halafu akavuta kamasi. Kwa nguvu, na palepale mama yake alipovuta. Akalia kile kilio chote cha mama yake, kwikwi kwa kwikwi, macho makavu, mikono inaendelea na vizibo. Kilipokwisha akasema kwa sauti yangu, “Hapana, usilie pale, wakikuona unalia watakuonea huruma na hawatakuandika kitu. Anza upya.”

Na akaanza upya, kutoka mwanzo. Hakuna aliyemzuia. Mkuu naye alikuwa amevua miwani yake, anaishika tu. Nilitamani ardhi inimeze, nasema kweli, ile aibu ilikuwa kitu cha kwanza kunipata kwa muda mrefu. Nilidhani afisa atatufukuza, atasema tumemfundisha mtoto uongo.

Afisa alikuwa anamwangalia binti, wala si mimi. “Huwa anafanya hivi?” akamuuliza mama, taratibu.

Hapo mama akasema. Hakusema tulivyofanya mazoezi. “Hawezi, mwalimu,” akasema. “Mwanangu hawezi. Kila kitu anakisikia na hakuna anachoweza kuniambia. Nimekuwa nasema hajambo tangu azaliwe.” Akafunika uso kwa khanga. Hakulia kwa sauti.

Walitupa nafasi. Tulitoka nje, mama akanikumbatia palepale chini ya bendera, ananishukuru, ananiombea kwa Mungu, nami nikampigapiga mgongoni. Nilisubiri furaha. Nilikuwa nayo zamani, kila mtoto mmoja akipata nilikuwa naimba njia nzima. Haikuja. Nilipitia Kariakoo nikanunua dagaa, nikafika nyumbani nikampikia mwanangu, akala, nikamfuta ndevu.

Jumatatu mama akanipigia nimsindikize siku ya kwanza. Sikuwa na haja ya kwenda, lakini nilikwenda. Binti alivaa sare mpya, mama kamfunga vifungo vyote mpaka cha shingoni, nywele kamsuka. Mumewe naye alikuja, amechelewa kazini kwa ajili hiyo, akasimama nyuma yetu na kofia yake mkononi. Habari za Kilwa hazikuwepo tena. Alikuwa ananong’ona kumuuliza mkewe kama watoto wanapewa uji.

Mwalimu mdogo akatoka mlangoni kwake. Ndani nilimwona mtoto mmoja anapaka rangi na mwingine amelala juu ya meza. Mwalimu akachuchumaa mbele ya binti, uso kwa uso, kitu ambacho sijaona walimu wengi wakifanya.

“Hujambo, mrembo?”

“Hajambo,” akasema binti.

Sote tukacheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia anamjibu mtu palepale. Mama akanishika mkono, akaniminya vidole.

“Unaitwa nani?”

Binti akaangalia vifungo vyake. Akavigusa kimoja kimoja kuanzia juu, tumeona wote, anafikiri, anatafuta. Miaka tisa mama yake amemwita jina lake zuri, la bibi yake mzaa baba. Lakini wiki ile, kwa sauti zetu zote, kibarazani na ofisini, tulipokuwa tunamtaja yeye kulikuwa na neno moja tulilolitanguliza.

“Hawezi,” akasema.

Akasema vizuri, kwa sauti yake mwenyewe. Sikuwahi kuisikia kabla ya hapo. Ilikuwa ndogo na safi. Alijibu swali.

Mama akaachia mkono wangu. Baba hakuelewa, akawa anatutazama mmoja mmoja. Mie nikainama, nikasema haraka, “Hapana,” nikitaka kumrekebisha, na binti akanigeukia. Akamalizia badala yangu, na hiyo sasa ilikuwa sauti yangu.

“Anza upya.”

Nikarudi nyuma mpaka kwenye bomba la shule. Mwalimu ndiye aliyeanza upya. Akamshika mikono yote miwili, akamtajia jina lake, lile la bibi, polepole, halafu la kwake mwenyewe, halafu tena la binti. Mama akapiga magoti mavumbini pamoja nao, na khanga yake safi, akawa analitaja naye. Walilirudia pale mlangoni mpaka kengele ikagongwa. Nilikuwa nimesimama karibu na bomba, na miguu ilianza kuniuma kama ganzi inapotoka, kuanzia kwenye nyayo ikipanda juu, nikalazimika kukaa chini.